Kituo cha Shukrani: Jinsi ya Kusimama Kidogo Katikati ya Pilikapilika

Muulize mtu yeyote ana nini cha kushukuru, atakutajia papo hapo: uhai, afya, watoto, kazi, mahali pa kulala. Sasa muulize ni lini mara ya mwisho shukrani ilimwingia hasa, ikampunguza mwendo, ikamlegeza mabega. Wengi hapo hunyamaza. Tukijuliwa hali tunasema "tunamshukuru Mungu", na tunasema kweli, ila neno linatoka huku macho yako kwenye saa na mguu umeshatangulia.

Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo: neema anazo, anajua kuwa anazo, lakini siku inakwisha hajaionja hata moja. Haukutaki uamke usiku wa manane wala ujitenge na watu. Unataka dakika moja au mbili kwa siku, na kama robo saa mara moja kwa wiki. Hatua zake zote zinavuta upande mmoja: kupunguza idadi ya vitu unavyovishukuru kwa mkupuo, na kurefusha muda unaokaa na kimoja. Naamini kazi yote iko hapo. Anayeshukuru kwa vitu 20 ndani ya pumzi moja amesoma orodha tu, na moyo wake uko pale pale ulipokuwa.

Kinachotuziba macho

Kabla ya hatua zenyewe, ni vizuri kujua unapambana na nini. Kuna mambo mawili: haraka na mazoea.

Kuhusu haraka, mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa seminari ya theolojia huko Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi alitumwa kwenda jengo la jirani kutoa hotuba fupi, na baadhi yao walipewa habari ya Msamaria Mwema waizungumzie. Njiani aliwekwa mtu aliyejikunyata mlangoni, anakohoa na kuguna. Miongoni mwa walioambiwa kuwa muda bado upo, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Miongoni mwa walioambiwa kuwa wamechelewa, walisimama asilimia 10 tu. Hata wale waliokuwa wanakwenda kumsifu Msamaria kwa kusimama njiani hawakuwa na tofauti kubwa na wenzao. Sasa kama haraka inaweza kumficha binadamu anayekohoa mbele yako, haitashindwa kukuficha upepo mzuri wa asubuhi au jirani aliyekushikia mlango.

Mazoea nayo yana namna yake. Ukiingia chumba chenye harufu, baada ya dakika chache pua haiisikii tena, ingawa harufu haijaondoka. Furaha nayo huenda hivyo hivyo. Mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu za fedha nyingi, wakawalinganisha na watu wa kawaida. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kubwa zaidi, na mambo madogo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kusikia kichekesho, yaliwaburudisha kidogo kuliko wenzao. Kinachodumu hupotea machoni kwa sababu kimedumu. Kwa hiyo kama huoni neema zako, usijihukumu kuwa una moyo mbaya. Akili ya binadamu imezoea kukimbilia kilichobadilika na kilichoharibika, na kukiachilia kilicho salama. Kukirudia kilicho salama kunahitaji kukusudia.

Hatua ya 1: Chagua mahali pa kusimama

Watu wengi wakiamua kuanza jambo jipya huweka saa: kila siku saa mbili usiku nitatulia nishukuru. Saa mbili inafika, mtoto analia, simu inaita, na mpango umekufa. Kengele ya simu nayo ina ubaya wake. Inakukuta katikati ya jambo, unaizima, na baada ya siku chache kidole kimeshazoea kuizima bila wewe kujua.

Badala ya saa, tafuta tendo ambalo unalifanya kila siku hata usipotaka, ulifanye kituo chako. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha katika tafiti zake kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio, kwa muundo wa "likitokea jambo fulani, nitafanya jambo fulani", hutekelezeka zaidi kuliko nia inayoelea. Tendo zuri kwa kazi hii ni lile linalokaa kati ya shughuli mbili: moja imekwisha, nyingine haijaanza. Kuvua viatu unaporudi nyumbani. Kukaa kwenye kiti cha kazini kabla ya kuwasha kompyuta. Kunawa mikono. Kufunga mlango baada ya watoto kutoka. Kungoja maji yapate moto. Kungoja lifti.

Wenye kulea mtoto mchanga au kuuguza mgonjwa huwa wanasema hawana pengo hata moja, na ninawaelewa, kwa sababu siku yao haiko mikononi mwao. Kwao kituo bora ni kile kinachofuata tendo la yule wanayemhudumia: mtoto akishasinzia, mgonjwa akishameza dawa. Kabla hujainuka, hapo hapo.

Ukishachagua, liandike kwa sentensi moja kamili, kwa mfano: "Nikishavua viatu nikirudi nyumbani, nitasimama pale pale kwa pumzi sita kabla sijagusa kitu kingine." Kuwa na kituo kimoja kinatosha. Ukiweka vitano siku ya kwanza, wiki ijayo huenda usiwe na hata kimoja.

Nasihi moja zaidi: kituo kisiwe ndani ya simu. Ukiifungua kwa nia ya kutulia, utakutana na jumbe tatu na habari mbaya moja kabla nia haijapata pa kukaa.

Hatua ya 2: Usimamishe mwili kwanza

Moyo haushukuru huku mwili unakimbia. Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walifuatilia watu 2,250 kwa kuwauliza katika nyakati mbalimbali za siku wanafanya nini na wanawaza nini. Matokeo yao, yaliyotoka mwaka 2010, yalionyesha kuwa katika asilimia 46.9 ya nyakati hizo mawazo ya mtu yalikuwa nje ya kile alichokuwa anakifanya. Karibu nusu ya siku tuko kwingine. Mwili ndio pekee ambao hauwezi kwenda kesho wala kurudi jana, kwa hiyo anza nao.

Weka chini ulichoshika. Kanyaga kwa miguu yote miwili. Legeza taya na mabega. Mara nyingi utayakuta yamekaza bila sababu. Kisha vuta pumzi taratibu kwa hesabu ya nne na uitoe kwa hesabu ya sita. Kutoa pumzi ndefu kuliko unavyovuta kuna maana yake: wakati wa kutoa pumzi, mshipa wa fahamu unaoitwa vagasi huupunguza kasi moyo, na mwili hupata taarifa kuwa hakuna hatari. Ukihesabu kwa sekunde, pumzi sita za namna hii ni dakika moja. Ukihisi kizunguzungu au kifua kikabana, acha kuhesabu, pumua kama kawaida yako, na utulie tu. Macho yanaweza kuwa wazi. Ukiwa mahali penye watu, hakuna atakayejua unafanya nini.

Hatua ya 3: Chukua kitu kimoja, na kiwe kidogo

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae.

Maneno makubwa hayana mshiko. "Afya" ni kubwa mno kushikika, na "familia" ina watu wengi mno ndani yake, wengine ukiwa umegombana nao asubuhi ile ile. Ukisema "nashukuru kwa afya", akili inakubali na kupita. Lakini ukisema "goti langu la kulia leo limepanda ngazi bila kuuma", unalihisi goti. Hicho ndicho kipimo: je, kitu hiki ninaweza kukinyooshea kidole, au kumsimulia mtu kama tukio?

Jiwekee mipaka miwili. Kwanza, kiwe kimetokea ndani ya saa 24 zilizopita. Pili, kiwe kidogo kiasi cha kukaa ndani ya sentensi moja. Kwa hiyo usiseme "nashukuru kwa mume wangu", sema "leo amekumbuka kuniuliza yale majibu ya daktari". Usiseme "nashukuru kwa kazi", sema "mwenzangu aliona kosa kwenye ile barua kabla haijatumwa, akaniambia faraghani". Usiseme "nashukuru kwa nyumba", sema "usiku mvua ilipiga na mimi nilijigeuza tu nikaendelea kulala".

Ukishakipata, usikiache. Kirudie kwa macho ya ndani kama unamweleza mtu ambaye hakuwepo. Nilikuwa wapi? Nilisikia sauti gani? Mwanga ulikuwaje? Uso wake ulikuwaje aliposema vile? Mwili wangu ulifanya nini: ulilegea, ulitabasamu, ulipata joto? Hii ya mwili ndiyo ya kutafuta hasa. Shukrani huwa ina mahali inapokaa, kwa wengi kifuani au kooni, na ukiikuta hapo kaa nayo kwa pumzi mbili au tatu kabla ya kuendelea na safari zako. Pumzi hizo mbili tatu ndizo watu huziruka, na ndizo zenye faida.

Siku nyingine utasema huna kitu. Basi shuka chini zaidi, mpaka kwenye yale yasiyoomba kutazamwa. Moyo wako tangu jana wakati kama huu umepiga takriban mara 100,000, na umepumua kama mara 20,000, karibu zote bila kukuuliza. Weka kiganja kifuani usikilize mapigo kumi. Hicho ni kitu kimoja, ni kidogo, na kimetokea leo.

Kuna njia moja ambayo mimi siipendi, ingawa inasemwa sana: kuwatazama waliopungukiwa ili ujione umebarikiwa. "Wengine hawana miguu, na wewe unalalamikia viatu." Shukrani ya namna hiyo inasimama juu ya shida ya mtu mwingine, na mara nyingi humwachia mtu hatia badala ya furaha. Ukimkumbuka mwenye shida, mkumbuke kwa kumsaidia.

Hatua ya 4: Tafuta mkono ulio nyuma yake

Neema ikishakaa mbele yako, uliza: imetoka wapi? Robert Emmons wa Chuo Kikuu cha California, Davis, ambaye ameitafiti shukrani kwa miaka mingi, huieleza kwa sehemu mbili: kukiri kwamba kuna jema, kisha kutambua kwamba chanzo chake kiko nje yetu, angalau kwa sehemu. Sehemu ya pili ndiyo inayotofautisha shukrani na kufurahi tu.

Nao wanasaikolojia wakiongozwa na Martin Seligman walichapisha mwaka 2005 zoezi wanaloliita mambo mema matatu. Washiriki waliandika kila usiku kwa wiki moja mambo matatu yaliyokwenda vizuri, na kwa kila jambo wakaeleza *kwa nini* lilikwenda vizuri. Wengi wanaolinakili zoezi hili hulidondosha lile "kwa nini", wakabaki na orodha. Katika utafiti ule, furaha iliongezeka na dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, zilipungua, na mabadiliko hayo yalionekana hata miezi sita baadaye, hasa kwa wale walioendelea kwa hiari yao.

Jaribu na maji yanayotoka bombani. Kuna aliyechimba mtaro, aliyeunga bomba, anayekesha kwenye mtambo usiku huu. Jaribu na huku kusoma kwako sasa hivi. Kuna mtu alikushika mkono ukachora herufi yako ya kwanza. Huhitaji kuwafuata wote. Mmoja anatosha, na ukimjua kwa jina, litaje.

Kwa mwenye imani, safari hii inafika kwa Mungu, na ni vyema ifike. Ila usiiruke mikono ya watu njiani. Waislamu wanayo hadithi mashuhuri ya Mtume kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Wakristo wanaikumbuka habari ya wakoma kumi waliotakaswa, ambao wote walipona wakiwa njiani, na mmoja tu akageuka akarudi kushukuru. Wale tisa hatuambiwi kuwa walikuwa na chuki. Waliendelea na safari.

Ukiwa na watoto, hatua hii ni rahisi kuifanya nao. Badala ya kuwauliza "umeshukuru?", ambalo hujibiwa "ndiyo" bila kufikiri, waulize "leo nani alikufanyia jambo?" Utasikia majina usiyoyajua.

Hatua ya 5: Kiondoe kwa muda, kisha ukirudishe

Hii si ya kila siku. Ifanye mara moja kwa wiki, au hata kwa nadra zaidi, ukiwa umetulia na usiku haujawa mwingi.

Mwaka 2008 Minkyung Koo pamoja na wenzake, akiwemo Timothy Wilson na Daniel Gilbert, walichapisha tafiti zilizoonyesha kwamba watu waliofikiria jinsi jambo jema maishani mwao *lingeweza kutotokea* walijisikia vizuri kuliko waliofikiria jinsi lilivyotokea. Wenye ndoa na wapenzi, kwa mfano, walioandika namna ambavyo huenda wasingekutana kamwe na wenzao, waliridhika zaidi na uhusiano wao kuliko walioandika namna walivyokutana. Watu walioulizwa kabla walidhani itakuwa kinyume.

Ufanye hivi. Chagua mtu mmoja au jambo moja. Andika mlolongo uliokufikisha kwake: ulihamia mtaa ule kwa sababu gani, nani alikualika siku ile, ni nini kilikufanya usiondoke mapema. Kisha katika kila kifundo jiulize, je, kama kingekwenda upande mwingine? Kama ungechelewa, kama tangazo la kazi lisingekufikia, kama mvua isingenyesha mkajibanza chini ya baraza moja. Andika maisha yako yangekuwaje leo, bila kutia chumvi. Halafu weka kalamu chini, inua macho, na kitazame kitu hicho kikiwa kipo.

Tahadhari ni hii: ondoa *kukutana*, usimwondolee mtu uhai. Kukaa ukiwaza kifo cha mtoto wako hakuleti shukrani, kunaleta hofu, na mwenye tabia ya kuwa na wasiwasi atakesha nayo. Ukiona zoezi linakuvuta huko, liache kabisa. Hatua nyingine zinatosha.

Ipo pia njia ya vitendo. Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn, katika utafiti wa mwaka 2013, waliwataka baadhi ya watu wasile chokoleti kwa wiki moja, wengine wakapewa ya kula watakavyo. Walipoonjeshwa tena mwishoni, waliojinyima ndio walioifurahia zaidi. Chagua starehe moja ndogo uliyoizoea, muziki unapofanya kazi, kipindi unachokifuata, kinywaji chako, uiache kwa siku saba. Siku ya nane irudie polepole.

Hatua ya 6: Andika, lakini kwa kiasi

Utafiti unaotajwa sana katika eneo hili ni wa Emmons na Michael McCullough, uliochapishwa mwaka 2003. Kundi moja la wanafunzi liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, hadi mambo matano ya kushukuru. Kundi jingine liliandika kero zao, la tatu likaandika matukio ya kawaida. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa ujumla kuwa mazuri zaidi, walikuwa na matumaini zaidi na wiki inayofuata, na walitumia muda mwingi zaidi kufanya mazoezi ya mwili kuliko walioandika kero.

Angalia hapo: mara moja kwa wiki. Sonja Lyubomirsky na wenzake nao walilinganisha walioandika mara moja kwa wiki na walioandika mara tatu, kwa wiki sita, na ni wale wa mara moja ndio waliopata nafuu iliyoonekana. Nadhani sababu ni yale mazoea tuliyoyazungumzia. Hata shukrani ikiwa ya kila siku kwa maneno yale yale, pua inaacha kuisikia.

Kwa hiyo kituo chako cha kila siku kiwe cha kimya, dakika moja, na kalamu ije mara moja kwa wiki. Chagua jioni moja. Andika aya moja ndefu juu ya jambo moja badala ya mistari kumi. Usilirudie jambo lile lile ndani ya mwezi, isipokuwa umeona upande wake mpya. Mtu anaweza kuandika juu ya mama yake mwaka mzima bila kujirudia, mradi kila mara aandike juu ya tendo lake moja.

Siku ambazo moyo haupandi

Kuna siku utasimama kwenye kituo chako, utapumua, na hakutakuja kitu ila uchovu au hasira. Pumzi sita zinatosha, nenda zako. Kulazimisha shukrani ni kujidanganya, na moyo unajua.

Kuna siku za msiba. Aliyefiwa asiambiwe ashukuru, na wala asijiambie. Wakati wake ukifika, shukrani kwa miaka aliyokaa na marehemu itakuja yenyewe ikiwa imechanganyika na machozi, na haitakuwa pungufu kwa sababu ya machozi hayo.

Na kuna hili ambalo halisemwi vya kutosha. Shukrani hutumiwa kuwanyamazisha watu. Mfanyakazi anadai mshahara wake, anaambiwa "mshukuru Mungu una kazi". Mke anapigwa, anaambiwa "shukuru una mume". Shukrani ya kweli haikutaki uvumilie dhuluma. Unaweza kushukuru kwa mwenzako wa kazini aliyekutetea na bado ukadai haki yako yote kesho yake, kwa sauti. Mtu akiitumia shukrani kama kufuli, kataa.

Vilevile zoezi hili si dawa ya sonona. David Cregg na Jennifer Cheavens wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walikusanya matokeo ya tafiti 27 kuhusu mazoezi ya shukrani, wakakuta kuwa nafuu yake kwa sonona na wasiwasi ni ndogo. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi huoni raha ya kitu chochote, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, au unawaza kuwa ni heri usingekuwepo, mwone mhudumu wa afya mapema, na umwambie mtu wa karibu leo. Dakika yako ya kituo inaweza kuendelea pembeni ya matibabu, haiwezi kukaa mahali pake.

Hatua ya 7: Mwambie mwenyewe

Katika zile hatua zilizotangulia utakutana na majina. Baadhi ya wenye majina hayo wako hai, na hawajui.

Kinachotuzuia ni aibu. Tunahofia maneno hayatakaa sawa, au mwenzetu ataona ajabu, au atadhani tunataka kitu. Amit Kumar na Nicholas Epley waliwaandikisha watu barua za shukrani, wakawataka wakisie wapokeaji watajisikiaje, kisha wakawauliza wapokeaji wenyewe. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Waandishi walidhani wapokeaji wataona haya kuliko walivyoona, na walikisia furaha yao kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa. Waandishi walikuwa wanajali kama wameandika vizuri. Wapokeaji walijali kule kukumbukwa.

Andika mambo matatu tu: alichofanya, kilimgharimu nini, na kimebadilisha nini kwako. Kwa mfano:

"Shikamoo Mwalimu. Ni mimi uliyenifundisha hesabu darasa la sita. Ulikuwa unanibakiza kila Alhamisi wenzako wakiwa wameshaondoka, unanirudia desimali mpaka ninaelewa, na hukuwahi kunifokea. Leo kazi yangu ni ya hesabu. Kila nikifunga vitabu vya mwezi ninakukumbuka. Ahsante sana, Mwalimu."

Usitie ombi ndani yake. Kama una haja ya mkopo au ya kuunganishwa na mtu, ipeleke siku nyingine kwa ujumbe mwingine. Usijieleze kwa nini umechelewa miaka yote hiyo. Sentensi za kujitetea huihamisha barua kutoka kwake kuja kwako. Akikujibu kwa neno moja tu, liache hivyo. Wengine hawana maneno, na wengine wataisoma barua yako tena wakiwa peke yao. Kama ameshafariki, mwandikie mwanawe au ndugu yake umweleze ulichotendewa. Wafiwa hupenda sana kusikia wema wa mtu wao ambao hawakuujua.

Mtu mmoja kwa mwezi ni mwendo mzuri. Katika utafiti ule wa Seligman, waliopeleka na kusoma barua ya shukrani ana kwa ana walipata furaha kubwa kuliko makundi mengine yote, lakini baada ya miezi michache ilikuwa imeyeyuka. Ndiyo maana inafaa kurudiwa.

Kuendelea

Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajenga tabia mpya, kila mmoja akiifunga kwenye tukio la kila siku kama tulivyofanya katika hatua ya 1. Matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha kuwa tabia ilichukua kuanzia siku 18 mpaka makadirio ya siku 254 kuwa ya kujiendesha, na kiwango cha katikati kilikuwa siku 66. Kwa hiyo wiki ya tatu ukiwa bado unajikumbusha, uko kwenye mwendo wa kawaida. Walikuta pia kuwa kukosa siku moja hakukuharibu maendeleo. Ukikosa jana, leo simama kama ilivyopangwa, kwa dakika ile ile moja, bila kuongeza ya kufidia.

Vituo huwa vinapotea. Umehama, umebadilishiwa zamu, mtoto amekua halali tena mchana, na lile tendo ulilolifungia nia yako halipo. Hapo ndipo mazoezi ya watu wengi hufia, kimyakimya, bila wao kuamua kuyaacha. Ukigundua hivyo, chagua tendo jingine siku hiyo hiyo, liandikie sentensi yake, na uibandike karibu na mahali ambapo tendo hilo hutokea kwa wiki ya kwanza.